Biskuti za Viungo za Kijerumani: Zioke Mapema, Uzitoe Zikiwa Zimekolea

Keki ya zawadi huokwa siku moja kabla ya kupelekwa, na kila siku inayopita baada ya hapo huipunguzia utamu. Biskuti za viungo zinazookwa Ujerumani msimu wa Krismasi huenda kinyume chake. Huokwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu, hufungiwa ndani ya kopo la bati, na humo ndimo zinapomalizia kuiva: asali inavuta unyevu, harufu ya karafuu na hiliki inapenya hadi katikati, na biskuti iliyopoa ikawa ngumu kama kigae inalainika taratibu.

Kwa hiyo kabla hujapima hata kijiko kimoja cha unga, angalia tarehe. Wengi wanaovunjika moyo walikuwa na mapishi mazuri tu, ila walianza tarehe 23 Desemba. Walionja Lebkuchen, biskuti ya asali, mara tu ilipopoa, wakaiona ngumu, wakadhani wameharibu. Ukiipa siku zake, biskuti hii inamsamehe hata anayeoka kwa mara ya kwanza.

Hapa utapata aina tatu: Lebkuchen ya asali, Spekulatius nyembamba ya hiliki, na Zimtsterne, zile nyota za mdalasini. Nimezichagua kwa sababu zinakaa muda mrefu na zinapendeza zikiwa pamoja, na pia viungo vyake vikuu vinapatikana kwa urahisi popote ambapo Waswahili wanapika pilau.

Zinatoka wapi, na hutolewa lini

Msimu wa kuoka nchini Ujerumani hufunguliwa na Majilio, zile Jumapili nne zinazotangulia Krismasi. Biskuti ndogo za msimu huo kwa jumla huitwa Plätzchen, na zile zenye viungo kila moja ina kwao.

Lebkuchen inajulikana zaidi kwa mji wa Nürnberg, Bavaria. Mwokaji wake anatajwa kwenye kumbukumbu za mji huo tangu 1395, na mwaka 1643 waokaji wakapata chama chao cha ufundi. Mji huo ulibahatika kupata vitu viwili kwa pamoja: msitu mkubwa wa jirani wenye warina asali, na njia za biashara zilizoleta viungo kutoka Venisi. Tangu 1996 jina la Nürnberger Lebkuchen linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na biskuti iliyookwa nje ya mji hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Daraja la juu kabisa, Elisenlebkuchen, lazima liwe na angalau asilimia 25 ya lozi au njugu za jamii hiyo, na unga usizidi asilimia 10. Spekulatius ni ya magharibi, Rheinland na Westfalen, na vilevile Uholanzi na Ubelgiji, ambako inakwenda pamoja na sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi.

Sikukuu hiyo, tarehe 6 Desemba, ndiyo nafasi ya kwanza ya kutoa zawadi. Usiku wa kuamkia siku hiyo watoto huacha viatu au mabuti mlangoni, na asubuhi wanayakuta yamejaa biskuti, njugu na machungwa. Nafasi kubwa ni jioni ya tarehe 24, zawadi zinapofunguliwa na kila mtu kuwekewa sahani yake ya biskuti na matunda. Katikati yake kuna wiki nzima nzima ambazo kifuko kidogo kinaweza kwenda kwa jirani, mwalimu wa mtoto, au mwenzako kazini bila kuhitaji maelezo marefu.

KALENDA YA KAZI

☐ Katikati ya Novemba: nunua viungo vizima, lozi na asali. Tafuta makopo.
☐ Wiki moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio: kanda Lebkuchen, uiache ipumzike.
☐ Wiki ya Jumapili ya kwanza: oka Lebkuchen, funga ndani ya kopo.
☐ Kabla ya 6 Desemba: oka Spekulatius. Gandisha ute wa mayai utakaobaki.
☐ Kati ya 10 na 15 Desemba: oka Zimtsterne.
☐ Kati ya 18 na 20 Desemba: panga, funga, andika vibandiko.

Ikiwa umechelewa, acha Lebkuchen, uoke Spekulatius peke yake. Inafaa kuliwa siku ileile.

Viungo: hapa ndipo pa kutumia muda wako

Ujerumani huuza viungo vya Lebkuchen vikiwa vimeshachanganywa na kusagwa, ndani ya vipakiti vidogo. Vinasaidia, lakini sikushauri uvitegemee kama unaweza kupata viungo vizima. Karafuu iliyosagwa miezi minane iliyopita imeshapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake, na biskuti hizi hazina kitu kingine cha kuficha upungufu huo. Zina unga, sukari na harufu tu.

Msomaji aliye Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa ana faida ambayo mwokaji wa Nürnberg angeilipia ghali. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Leo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka Pemba, na unaweza kuinunua ikiwa ya msimu uleule. Ukiwa unasafiri kwenda Ulaya mwezi wa Novemba, robo kilo ya karafuu na hiliki ndani ya begi ni mwanzo mzuri wa zawadi zako.

Jinsi ya kuchagua:

• *Karafuu.* Ibonyeze kwa ukucha. Nzuri hutoa mafuta. Au idondoshe ndani ya glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokamuliwa mafuta yake hulala juu ya maji.

• *Hiliki.* Chukua yenye ganda la kijani, iliyofunga vizuri. Ivunje, utumie mbegu nyeusi za ndani peke yake.

• *Mdalasini.* Tafuta wa maganda membamba yaliyojikunja tabaka nyingi, unaovunjika kwa vidole. Ule mnene, mgumu, wenye mkunjo mmoja ni wa jamii ya kasia, ambao una kiasi kikubwa cha kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini la mtu anayeitumia kwa wingi. Mwaka 2006 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula, BfR, ilitoa onyo juu ya jambo hili, na nyota za mdalasini zilikuwa miongoni mwa vyakula vilivyotajwa. Kiwango salama ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kwa hiyo mtoto mdogo ndiye anayekifikia haraka. Ukitumia mdalasini mwembamba, hofu hiyo karibu yote inaondoka.

• *Kungumanga.* Nunua nzima, uikwaruze siku hiyohiyo.

• *Tangawizi na giligilani.* Tangawizi iwe kavu, ya unga; mbichi inaongeza maji kwenye kinyunya. Giligilani ni mbegu zake, siyo majani.

KISANDUKU: MCHANGANYIKO WA LEBKUCHEN

Pima baada ya kusaga, kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa:

Mdalasini vijiko 4
Karafuu kijiko 1
Hiliki kijiko 1
Tangawizi kavu kijiko 1
Giligilani kijiko 1
Kungumanga nusu kijiko
Pilipili manga robo kijiko

Twanga kwenye kinu au saga kwa mashine ndogo, kisha chekecha. Usiiache hatua ya kuchekecha: kipande kimoja cha karafuu kikikwama kwenye jino kinamfanya mlaji aogope biskuti zote zilizobaki. Tumia vijiko 5 kwa kanda moja; kinachobaki weka ndani ya chupa yenye mfuniko, mbali na jiko.

Usiongeze karafuu kwa sababu unaipenda. Inazidi nguvu kila siku biskuti inapokaa, na kiasi kilichoonekana kidogo siku ya kuoka kitaufisha ganzi ulimi wiki ya tatu.

Lebkuchen ya asali

Kwa nini kinyunya hiki kipumzike? Asali ni nzito na unga unahitaji muda kuinywa. Ukikisukuma mara tu baada ya kukanda, kitanata, utakiongezea unga, na biskuti itatoka kavu. Waokaji wa zamani walikiacha kwa wiki nyingi mahali penye baridi kabla ya kutia kichachusho. Nyumbani, usiku mmoja ni lazima, siku tatu hadi saba ndani ya friji ni bora zaidi.

*Mahitaji (biskuti zipatazo 35):* asali gramu 250, sukari ya kahawia gramu 100, siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 450, yai 1, viungo vijiko 5 vya chai, kakao kijiko 1 cha chakula, bekingi soda kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, ganda la limau moja lililokwaruzwa.

1. Weka asali, sukari na siagi ndani ya sufuria kwenye moto mdogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke. Usiache ichemke, kwani asali iliyochemka hufanya biskuti kuwa ngumu na kuondoa harufu yake.

2. Epua, tia viungo na ganda la limau mchanganyiko ukiwa bado na joto. Joto hilo ndilo linaloamsha mafuta ya viungo.

3. Acha ipoe mpaka uweze kutia kidole bila kushtuka. Sasa ndipo utie yai, ukoroge. Ukilitia mapema litaiva kabla ya wakati.

4. Chekecha unga, kakao, soda na chumvi pamoja. Changanya na asali, kwanza kwa mwiko, kisha kwa mikono. Kinyunya kitakuwa laini na chenye kunata kidogo, kiache hivyohivyo.

5. Kifunike kisipate hewa, ukiweke ndani ya friji.

6. Siku ya kuoka, kitoe nusu saa kabla. Nyunyiza unga kidogo kwenye kibao cha chapati, ukisukume mpaka unene wa milimita 6 au 7. Wembamba zaidi ya hapo utakupa kitu kinachovunja meno.

7. Kata maumbo. Mviringo wa glasi ndogo unatosha. Moyo na nyota vinapendeza zaidi kama una vibati vyake.

8. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Oka kwa nyuzi 175 za Selisiasi, dakika 10 hadi 12. Zitoe kingo zikiwa zimeshika na katikati bado panabonyea. Zitaendelea kukauka juu ya trei.

9. Changanya sukari ya unga gramu 150 na maji ya limau vijiko 2 hadi 3 vya chakula. Zipake biskuti zikiwa bado na uvuguvugu, sukari ikauke ikiwa tabaka jembamba linalong'aa. Ukipenda, bandika nusu ya lozi katikati kabla haijakauka.

10. Ziache usiku kucha mahali pakavu, ndipo uzifunge.

Zionje baada ya siku saba, siyo kabla. Kama ziko Ulaya, ndani ya nyumba yenye hita inayokausha hewa, na bado ni ngumu baada ya wiki mbili, weka kipande cha tofaa juu ya karatasi ndani ya kopo, ukibadilishe kila baada ya siku mbili. Kwenye pwani yetu usifanye hivyo. Hewa ya Desemba ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevu wa kutosha, na tofaa litakuletea ukungu.

Spekulatius

Hii ni biskuti ya kuvunjika kwa sauti. Inategemea siagi baridi na moto wa kutosha, na kwa anayejua vileja harufu yake ya hiliki haitakuwa ngeni. Kwa desturi hubanwa ndani ya vibao vilivyochongwa picha, mara nyingi za Mtakatifu Nikolasi, vinu vya upepo, meli au wanyama. Kama huna kibao, kata mistatili kwa kisu, ubonyeze juu kwa uma au kwa kitu safi chenye nakshi.

*Mahitaji (biskuti 50 au zaidi kidogo):* unga gramu 250, siagi baridi gramu 125, sukari ya kahawia gramu 125, lozi zilizosagwa gramu 50, viini vya mayai 3, mdalasini vijiko 2 vya chai, hiliki nusu kijiko, karafuu robo kijiko, bekingi pauda nusu kijiko, chumvi kidogo. Ute wa mayai hayo matatu utie ndani ya chombo safi chenye mfuniko, uugandishe: ndio utakaotengeneza nyota.

1. Changanya vitu vyote vikavu. Katakata siagi ndani yake, uisugue kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga.

2. Tia viini, ukusanye haraka. Kama haishikani, ongeza kijiko kimoja cha maziwa. Usikande kama chapati: ukikanda sana unga unakuwa na mvuto, na biskuti inakosa kukatika.

3. Bapaza, funika, weka kwenye friji saa mbili au zaidi.

4. Sukuma kwa unene wa milimita 3. Fanya kazi na robo tu ya kinyunya kwa wakati, iliyobaki ikae kwenye baridi. Kikianza kulainika na kunata, kirudishe friji dakika 15 badala ya kukiongezea unga.

5. Kwa kibao cha kuchonga: kinyunyizie unga, ukung'ute, bonyeza kinyunya ndani, sawazisha kwa kisu, kisha geuza na ugonge ukingo mezani kwa nguvu.

6. Oka kwa nyuzi 180, dakika 10 hadi 12, mpaka kingo ziwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Zikibaki nyeupe hazitakatika.

7. Zipoe kabisa kwenye waya. Kopo likifungwa na biskuti ina joto hata kidogo, mvuke unageuka maji na zote zinalegea.

Zimtsterne

Hizi ndizo ngumu zaidi kuzioka kati ya hizi tatu, na ndizo zinazosifiwa kwanza. Hazina unga wa ngano wala siagi: ni lozi, sukari, ute wa yai na mdalasini. Juu zina kofia nyeupe ambayo haitakiwi kugeuka rangi hata kidogo, na hapo ndipo kazi ilipo.

*Mahitaji (nyota zipatazo 40):* ute wa mayai 3, ulioyeyuka na kufikia joto la chumba; sukari ya unga gramu 250; lozi zilizosagwa pamoja na ganda lake la kahawia gramu 350, na nyingine gramu 50 za akiba; mdalasini kijiko 1 cha chakula; maji ya limau kijiko 1 cha chai; chumvi kidogo.

1. Saga lozi kidogokidogo, kila mara ukitia kijiko cha sukari kutoka kwenye kiasi ulichopima. Ukizisaga nyingi kwa pamoja zinatoa mafuta na kuwa uji.

2. Futa bakuli kwa limau lisiwe na mafuta. Piga ute na chumvi mpaka ufanye povu laini, tia limau, kisha sukari kijiko kwa kijiko huku ukiendelea kupiga, mpaka uwe mzito, unaong'aa, na usimame wenyewe.

3. Tenga vijiko 6 vya chakula, ufunike. Hiyo ndiyo kofia.

4. Changanya uliobaki na lozi na mdalasini. Kinyunya kishikane bila kubaki mikononi. Kikiwa laini sana ongeza lozi za akiba. Kiweke baridi saa moja.

5. Nyunyiza sukari ya unga kwenye kibao, kamwe usitumie unga wa ngano. Sukuma kwa unene wa sentimita 1.

6. Chovya kibati cha nyota kwenye maji kila unapokata.

7. Paka kofia kwa brashi au nyuma ya kijiko, ifike mpaka ncha za nyota.

8. Oka kwenye sehemu ya chini ya oveni, nyuzi 150, dakika 12 hadi 15. Ikianza kuwa ya manjano, shusha moto mara moja. Nyota inatoka ikiwa laini chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Korosho ukiitumia badala ya lozi utapata biskuti nyingine, laini na tamu, lakini ladha yake siyo hii. Mimi ningeweka lozi, hata kama ni kununua chache na kuoka nusu ya kiasi.

Kama huna oveni

Lebkuchen na Spekulatius zinaokeka kwa mkaa. Weka mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nzito; juu yake weka kigae au pete ya bati, kisha trei ndogo. Pasha sufuria ikiwa imefunikwa kwa muda wa dakika 15 kabla ya kuingiza chochote. Palia makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko, kwa sababu biskuti huungua chini kwanza. Zimtsterne usizijaribu kwa njia hii: moto wa juu utaigeuza kofia kuwa kahawia kabla ndani hapajashika.

Kwa jiko lolote, la mkaa au la umeme, oka biskuti moja peke yake kwanza. Itakuambia tabia ya moto wako.

Makosa yanayorudiwa

• *Kutumia magadi badala ya bekingi soda.* Magadi ya mawe yanayolainishia maharage yana uchungu, yanaacha ladha ya sabuni, na huwezi kujua nguvu yake.

• *Kuziacha ndani ya oveni mpaka ziwe ngumu.* Biskuti ya asali ikiwa ngumu ikiwa bado ya moto, hakuna kopo litakaloirudisha.

• *Kuchanganya aina zote ndani ya kopo moja.* Lebkuchen ina unyevu na harufu kali. Spekulatius itauvuta unyevu huo na kulegea ndani ya siku mbili. Kila aina na kopo lake mpaka siku ya kufunga zawadi.

• *Kupamba kwa wingi.* Rangi nyingi na lulu za sukari zinazidi ladha.

Kuhifadhi na kufunga

Ndani ya kopo la bati, mahali pa baridi, Lebkuchen hukaa wiki nne hadi sita, Spekulatius wiki tatu hadi nne, Zimtsterne karibu wiki tatu. Kwenye joto la pwani kata muda huo kwa nusu, au zihifadhi kwenye friji ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na uzitoe bila kukifungua mpaka kipate joto la chumba, zisije zikatoa jasho.

Kiasi kilichotolewa hapa kinatosha zawadi tano: kila moja Lebkuchen 7, Spekulatius 10 na nyota 8.

1. Osha makopo ya zamani ya biskuti au maziwa, uyakaushe juani siku nzima.
2. Tandika karatasi ya kuokea chini na kati ya kila safu.
3. Funga kila aina ndani ya kifuko chake kidogo kwanza. Nzito chini, nyota juu.
4. Jaza mianya kwa karatasi iliyokunjwakunjwa, hasa kama kopo litasafiri kwa basi au ndege. Kwa safari ndefu acha nyota nyumbani. Kofia zake hupasuka.
5. Fungia kijiti cha mdalasini kwenye utepe. Anayepewa atakitumia kwenye chai.

KIBANDIKO: ANDIKA HAYA

☐ Jina la kila biskuti na tarehe ya kuoka.
☐ "Ina lozi, ngano, mayai, maziwa." Mzio wa lozi unaweza kuua, usiache mstari huu hata kwa rafiki unayemjua.
☐ "Asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja." Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo joto la kuoka haliviui.
☐ Kwa nyota: ute wake hauivi sana. Mjamzito au mgonjwa mpe aina nyingine, au tumia ute uliokwisha kupashwa joto kiwandani.
☐ Zikae wapi na ziliwe kabla ya lini.

Baadhi ya mapishi ya Ujerumani hutia ramu kwenye sukari ya juu. Mapishi haya hayana, kwa hiyo unaweza kumpelekea jirani Mwislamu bila wasiwasi, na ni vizuri umwambie hivyo wazi unapomkabidhi, asilazimike kuuliza.

Lebkuchen zikivunjika au kukauka kupita kiasi, usizitupe. Watu wa Rheinland huzisaga na kuzitia kwenye mchuzi wa Sauerbraten, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye siki, ili mchuzi uwe mzito na upate utamu. Ondoa kwanza sukari ya juu, saga biskuti mbili au tatu, zitie dakika kumi kabla ya kuepua, na ukoroge zisigande chini.